Kabla hujatuma trekta lingine nyumbani

Mwaka ukikaribia kuisha, Watanzania tulioko Uingereza huanza kuulizana habari za kontena. Nani anapakia, nafasi imebaki kiasi gani, meli inatia nanga lini Dar es Salaam. Katikati ya magodoro na mafriji kuna swali ambalo siku hizi halikosekani: hivi yale matrekta kuukuu ya Massey Ferguson yanayouzwa kwenye minada ya huku yanaweza kulima mashamba ya wazee wetu? Mimi huulizwa zaidi kwa sababu nafanya kazi kwenye shamba dogo huku Lincolnshire, na kwetu Kimbiji, Kigamboni, tuna MF 135 lililotutangulia kuzaliwa, mimi na wadogo zangu wote. Nawajibu kwamba yanaweza, tena vizuri sana. Ila naomba mtu asitume trekta kabla hajajua nani atalitunza na kwa kitu gani.

Uzee wenyewe usiwatishe. MF 135 lilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1960 katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry, na lina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu. Ndani yake hamna kompyuta wala waya wa kumtia fundi wasiwasi. Injini hiyo hiyo iliendelea kufungwa kwenye MF 240, na spea zake zinatengenezwa mpaka leo India na Pakistan. Ndiyo maana pale Dar ukishuka Gerezani au ukapita Shaurimoyo na kifaa kibovu mkononi, mwenye duka anakitambua kabla hujafungua mdomo.

Mzee ninayemfanyia kazi huku analo la aina hiyo. Kazi linayofanya kwa mwaka mzima, letu la Kimbiji linaimaliza kwa mwezi. Huvuta trela la kuni, hukata nyasi, na vuli huenda kwenye mashindano ya kulima kwa plau ambako wazee wenzake hupimana unyoofu wa mitaro. Lakini njoo uone linavyotunzwa. Kila asubuhi kabla ya kuliwasha anatazama oili, anakagua kikombe cha kioo kilicho chini ya filta ya dizeli, na akiona maji yametuama chini anayamwaga. Ekseli ya mbele anaipiga grisi kila siku ya kazi. Kwenye msumari wa bandani limening'inia daftari lenye madoa ya oili: tarehe, saa za injini, kilichobadilishwa. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wa baba yake.

Mara ya kwanza kulifungua daftari lile nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa namkumbuka mjomba.

Mwaka ule masika yalianza vizuri. Mjomba alikuwa amemaliza shamba letu la mihogo na anawalimia majirani kwa ekari, kazi inayotulipia dizeli na ada za watoto. Akanipigia simu. "Mwanangu, trekta limezima katikati ya shamba la watu, na mvua ndiyo hii." Fundi akaja, akafungua, akakuta pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, imelika ndani. Dizeli ilikuwa ya madumu, imenunuliwa kwa mtu wa njiani, na filta hakuna aliyekumbuka ilibadilishwa lini. Wiki tatu trekta lilisimama. Kufikia siku lilipowaka tena, majirani wawili walikuwa wamekwishalima kwa jembe la mkono kipande walichokiweza, sehemu iliyobaki wakaiachia majani. Niliumia kwa ajili yao kuliko kwa ajili ya fedha nilizotuma.

Pampu ile nataka kuieleza, maana wengi wanaona ni bahati mbaya tu. Aina inayofungwa kwenye injini hizi hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ikiwa na maji, vyuma vinashika kutu. Ikiwa na mchanga, vinakwaruzika. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ule utelezi unapungua na vyuma vinasuguana vikavu. Sote tunaukumbuka uchakachuaji, mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yakose faida ya kuchanganywa. Lakini dumu lililokaa juani bila kifuniko kizuri linaharibu pampu hata kama dizeli ilitoka safi kituoni. Filta ni kitu cha bei ndogo, pampu ni kilio. Kumwaga maji asubuhi hakuhitaji hata shilingi.

Jambo la rejeta ni hivyo hivyo. Huku hakuna anayethubutu kuiacha injini na maji matupu, kwa sababu baridi ya Januari ikiyagandisha yanatanuka na kuipasua. Kwa hiyo wanatia kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta yasigande. Nyumbani tunasema sisi hatuna barafu, kulanti ya nini, tunajaza maji ya kisima. Visima vya pwani vina chumvi. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu ndani ya injini, na dawa hiyo Kimbiji tunaihitaji kuliko mtu yeyote wa Lincolnshire. Nilipomweleza mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana rejeta zinatoboka toboka." Miaka yote alikuwa akilipa mchomeleaji na hakuna aliyemwambia.

Sasa kuna watu huku wakisikia haya wanarukia kusema mafundi wetu hawajui kazi. Hapo nakataa kabisa.

Mwaka jana bushi ya mkono wa kunyanyulia plau ililika kwenye trekta la mzee. Iliagizwa, ikaja yenye kipimo kisicho chake, ikarudishwa, tukasubiri siku kumi na moja kwa kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Fundi wa huku analipwa kwa saa, na saa yake ni ghali mno, hivyo amezoea kung'oa na kuweka kipya. Akikosa kipya, amekwama. Nilimwambia mzee kwamba kwetu ningevuka na pantoni asubuhi, nikampelekea fundi wa kukereza vyuma Gerezani, akapima kile kilicholika, akachagua kipande cha shaba, akakichonga huku tunaongea mambo ya Simba na Yanga, na jioni trekta liko shambani. Mzee aliniuliza mara mbili kama nasema kweli. Mikono ile ni hazina ya Dar es Salaam, na inaniuma kuona vijana wachache wanakaa karibu na wazee wale kujifunza. Fundi wetu anajua historia yote ya trekta letu, lakini anaijua kichwani. Siku akipumzika, inaondoka naye. Ndiyo sababu nashikilia habari ya daftari, hata wakiniona nina neno moja.

Nchi yetu imekwishaona mashine zikitangulia matunzo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga kule Kongwa. Waliingiza matrekta kwa haraka, mengine yaliyotumika, yametoka kwenye akiba za jeshi la Marekani huko Ufilipino. Spea zilipungua, madereva walikuwa hawajafundishwa vya kutosha, na udongo wa Kongwa ukala vyuma. Ulikuwepo ukame, zilikuwepo hesabu mbovu pia. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Mtu anayepakia trekta kwenye kontena bila hata filta ya akiba anarudia jambo lile lile kwa fedha za familia yake.

Kuna hili moja ambalo sitaki tulijadili, nataka lifanyike. Shafti ya nyuma inayozungushia mashine, ile tunayoiita pito, ina mfuniko wake wa plastiki. Huku sheria inataka uwepo, na mzee hawashi mashine bila huo. Nyumbani tunautoa kwa sababu unazuia kupiga grisi, kisha haurudi. Shafti ile inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Ikishika pindo la kanga au mguu wa suruali, mtu hana muda hata wa kupiga ukelele. Mnaonunua trekta huku, ulizieni mfuniko huo kabla hamjalipa. Na watoto wasipande kwenye madgadi.

Desemba naenda Dar. Begi langu limekwishajaa: filta za dizeli na za oili, seti ya gasketi, mfuniko wa shafti, na kitabu cha maelekezo cha MF 135 nilichokinunua sokoni. Jioni zangu natafsiri kurasa za sevisi kwa mkono, kwa maneno anayoyatumia mjomba mwenyewe, nozeli, bushi, ekseli. Nimebakiza ukurasa wa kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli. Kaunta buku la kwaya mbili nitalinunua Kariakoo, na msumari wa kulitundika mjomba ameniambia ameshaupigilia.