Shule ya watoto elfu tatu, aliyenipigia simu ni kocha

Dada yangu wa Morogoro kanitumia tena zile video za shule za huku Marekani, makorido marefu, makabati ya rangi, vijana wanacheka na mabegi mgongoni, chini kaandika "wanangu wangesoma hapo saa hizi wangekuwa mbali". Nikamjibu kwa sauti dakika saba, najua hakusikiliza hadi mwisho, basi acha niandike.

Mie nakaa Texas, kamji ka pembeni ya Dallas, mwaka wa tisa huu. Wanangu wawili wote nimewapeleka hai skuli moja ya serikali, inaanzia darasa la 9 mpaka la 12, wanafunzi zaidi ya elfu tatu. Elfu tatu jamani. Sekondari niliyosoma mimi tulikuwa mia nne na ushee na hedimasta alikuwa anajua huyu mtoto wa nani na baba yake anakunywa kilabu gani.

Siku ya kuandikisha nilibeba faili zima, pasipoti, viza, vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule za Bongo. Mama wa ofisini hata viza hakuitazama, alitaka bili ya umeme yenye anwani yetu na kadi za chanjo, basi. Baadae nikaja kuambiwa kuna kesi ilianzia hukuhuku Texas, mji wa Tyler, ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1982 ikaamuliwa kwamba mtoto asinyimwe shule ya serikali kisa hana makaratasi ya uhamiaji. Kwa hiyo wanachotaka kujua ni unakaa wapi. Sasa hapo kwenye unakaa wapi ndo penye hela, maana shule huku zinategemea sana kodi ya majengo, kila mzazi anakimbilia mtaa wenye shule inayosifiwa, na pango la mtaa huo linakula mshahara wote. Watu wanasema elimu bure, mie ada namlipa mwenye nyumba kila tarehe moja.

Vitu vipo, sibishi. Maabara za kweli, okestra, karakana ya magari, na uwanja wa futiboli yao ya Kimarekani. Jirani zetu wa mji wa Allen walifungua wa kwao 2012, dola milioni 60, unaingiza watu elfu 18, uwanja wa sekondari huo, halafu 2014 ukafungwa kwa sababu zege limefanya nyufa, ukafunguliwa tena mwaka uliofuata. Mume wangu aliposikia bei alidhani natania.

Ila ukubwa wenyewe una mambo yake. Chakula cha mchana wanakula kwa zamu, zamu ya kijana wangu ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi, hiyo kwetu bado ni saa ya chai. Basi la njano kama unakaa chini ya maili mbili halikuhusu, mtoto atembee kwenye jua la mwezi wa nane. Na yale mazoezi ya kujifungia darasani kimya taa zimezimwa, ya kujiandaa mtu akiingia na bunduki, hayo sijayazoea mpaka leo na sitaki kuyaandika sana.

Binti yangu mkubwa yeye aliipenda shule ile, na sababu yake ilinishangaza. Aliniambia, "Mama, nikiharibu leo, kesho hamna anayekumbuka." Nikanyamaza. Mimi kidato cha pili nilishika nafasi ya 41 kati ya 46 na ilisomwa paredi, wazazi wamekaa kwenye mabenchi, mama yangu amejifunika khanga mpaka usoni. Hata NECTA wenyewe, baraza la mitihani la Tanzania, mwaka 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, watu wakalalamika mtandaoni kama wameibiwa kitu.

Msidhani lakini Texas hawapangi namba. Wanapanga, tena kisheria. Tangu 1997 kuna sheria kwamba ukimaliza kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yako, vyuo vikuu vya serikali ya jimbo vinakupokea moja kwa moja, isipokuwa Chuo Kikuu cha Texas cha Austin (UT Austin) ambao wana kiwango chao kikali zaidi, ilikuwa asilimia 6 na kwa wanaoingia 2026 wameshusha hadi 5. Hapo ndo utawajua wazazi. Darasa la binti yangu, yaani wote wa mwaka wake, walikuwa karibu mia nane, nusu yao watoto wa mainjinia na madaktari wanaosoma twisheni tangu chekechea, akijitahidi vipi atakuwa wa mia na kitu. Kuna wazazi wanahamisha mtoto kabisa kwenda shule ya kijijini ili aingie kwenye hiyo kumi. Baba mmoja Mnigeria aliniambia kosa langu ni kutafuta shule nzuri. Dada mmoja Mkongo ninayesali naye yeye anaona tunadeka, wanawe walitoka kambini na kwake mwalimu kuwepo darasani kila siku kunatosha. Binti yangu hakuingia kwenye kumi, alienda chuo cha jamii (community college) miaka miwili, sasa anahamia chuo kikuu, yuko sawa.

Aliyenitoa jasho ni mdogo wake. Huyu ukubwa wa shule ulimmeza. Anaondoka asubuhi, anarudi, nikimuuliza shule vipi anasema fresh. Nikajua ni fresh. Kumbe hesabu hajakusanya kazi wiki tano, anapewa sifuri tu moja baada ya nyingine, na mwalimu wake ana watoto zaidi ya mia na hamsini kwa siku. Shule ilitaarifu, nisiseme uongo. Imeili 23, kwenye anwani niliyofungua siku ile ya kuandikisha na sikuifungua tena, maana mimi nilikuwa nasubiri mtu. Kwetu mwalimu wa darasa angemtuma mtoto wa jirani, mwambie mama yako kesho aje. Angemchapa pia, najua, na hapo nisiisifie Bongo kwa hilo (ingawa sheria ya Texas nayo bado inaruhusu fimbo shuleni, sema wilaya yetu hawatumii, waulizeni hao wanaotutangazia ustaarabu).

Nilijuaje? Texas kuna sheria nyingine ya 1984, ukipata chini ya 70 hata somo moja huchezi mechi wiki tatu. Mwezi wa pili, msimu wa soka umeanza, simu ikaita nikiwa kazini. Kocha. Hawezi kutamka jina la mwanangu, anamwita kwa herufi mbili za mwanzo, akaniuliza, "Mama, unajua kwamba hesabu ana 58?" Sikujua. Akaniambia kila jumanne saa moja asubuhi kuna mwalimu anasaidia bure chumba fulani, mlete.

Nikampeleka. Chumba cha viti thelathini, tulikuta watoto wanne.