Nyaraka za mkopo zitafutwe msimu wa korosho

Mtoto wa mkulima wa Tandahimba akifaulu kidato cha sita, kikwazo chake cha kwanza kwenda chuo kikuu ni makaratasi. Nafundisha sekondari huku Mtwara na naliona hili kila mwaka: kijana kafaulu vizuri, nyumbani hawana uwezo, Bodi ya Mikopo ipo kwa ajili ya watu kama yeye, lakini ombi lake linakwama.

Anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Alipie ada ya maombi, shilingi 30,000. Fomu ijazwe mtandaoni, ichapwe, isainiwe na mdhamini na uongozi wa kijiji, igongwe muhuri kwa hakimu au wakili, kisha iskaniwe na kurudishwa kwenye mfumo. Kwa anayekaa mjini hizo ni shughuli za siku mbili tatu. Kwa anayetoka ndani kabisa huko Nanyumbu au Liwale, kila muhuri una nauli yake ya bodaboda, na akifika wilayani anaweza kuambiwa njoo kesho.

Kinachoniumiza zaidi ni cheti cha kifo. Watu wetu wengi wamefia nyumbani, wakazikwa kijijini, na hakuna aliyekwenda kusajili. Miaka inapita, yatima anaomba mkopo, anaambiwa athibitishe uyatima wake. Asipokuwa na cheti, kwenye mfumo baba yake yu hai na anatarajiwa kumsomesha. Majina nayo yana balaa lake: cheti cha shule kina Zuhura, cha kuzaliwa kina Zuhra. Hapo aende kutafuta hati ya kiapo, nayo hailetwi bure.

Haya yote yanadaiwa katikati ya mwaka, dirisha la maombi linapofunguliwa. Mkulima yeyote wa kusini anajua hali ya nyumba miezi hiyo. Pesa ya msimu uliopita imekwisha, na minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba. Mzazi akikwambia "Mwalimu, tusubiri korosho," hana maana ya kukwepa. Kweli hana kitu. Na wakati huohuo vijana wengi waliomaliza kidato cha sita wako makambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Bodi hupeleka maofisa wake kambini kuwaelimisha, jambo jema sana, lakini ofisa huyo hawezi kumpatia binti cheti cha kifo cha baba yake aliyezikwa Mahuta.

Kwa hiyo naomba kazi hii ianze kidato cha tatu, Oktoba hadi Desemba, pesa za korosho zikiwa zimeingia. RITA waje shuleni kwa ratiba inayojulikana, wakague majina, wasajili waliobaki, wapokee na taarifa za vifo vya wazazi pamoja na mtendaji wa kijiji. Njia hii si ngeni huku kwetu. Watoto wa chini ya miaka mitano tayari wanasajiliwa na kupewa vyeti kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Kaka na dada zao waliozaliwa kabla ya mpango huo ndio walio madarasani kwangu sasa, na wamerukwa.

Wapo watakaosema kidato cha tatu ni mapema mno. Si mapema. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefika hadi ngazi ya stashahada kwa fani za kipaumbele, afya ikiwamo, na kwa baadhi ya kozi hizo mwanafunzi anajiunga akitoka kidato cha nne. Huyo hana miaka miwili ya ziada ya kuhangaikia vyeti.

Na ile ada ya 30,000 iondolewe kwa kaya zilizo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Serikali yenyewe imekwenda kijijini, imekaa na wanakijiji kwenye mkutano, imeziandikisha kaya hizo kuwa maskini. Sasa inazitoza ili ziombe msaada. Ikishindikana kuifuta kitaifa, halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu. Madiwani wa Newala, Masasi na Ruangwa wanaweza kuiweka kwenye bajeti, pamoja na nauli ya maofisa wa RITA kufika shuleni.