Mgonjwa ni Nani Kwako?

Basi leo hospitali wamenipigia simu: upasuaji wangu wa nyonga umesogezwa mbele, "tutakujulisha, mzee." Wao wanasogeza tarehe, na damu yangu iliyo kwenye friji lao nani anaisogezea? Ile ina siku 35 tu, zikipita inamwagwa. Nyonga inavumilia, imeshazoea. Damu haivumilii.

Ndugu mnawajua. Ukitaja damu, huyu ana presha, yule kaanza dozi jana, na shemeji wa Kibaigwa, jitu la kubeba magunia ya mahindi, eti akiona sindano anazimia. Daktari akaniambia naweza kujiwekea damu mwenyewe mapema, niongezewe siku ya upasuaji. Mwalimu alituhimiza kujitegemea, ila sidhani alifikiria mpaka hapa.

Nikavaa kaunda suti, nikashika bakora, nikafika dirishani. Binti ana fomu.

"Shikamoo baba. Unamchangia nani?"

"Marahaba. Najichangia."

"Jina la mgonjwa?" Nikataja.

"La mchangiaji?" Nikataja.

"Baba, la mchangiaji."

"Ndilo hilo hilo."

"Mgonjwa ni nani kwako?"

"Tunaishi pamoja."

"Ndugu wa damu?"

"Kabisa."

Akaandika! Halafu: "Mgonjwa yuko wapi, tuchukue sampuli?"

"Yuko mbele yako, nyonga inamuuma na hajapewa kiti."

"Aa, baba, mgonjwa hachangii. Mchangiaji lazima awe mzima."

"Ningekuwa mzima ningefuata nini hapa?"

Foleni nayo ikaanza kutoa ushauri. Mama mmoja akaninong'oneza niseme mgonjwa ni pacha wangu. Akaitwa mkubwa wa binti, akaja na miwani yake, akaketi, akafungua fomu: "Mzee, unamchangia nani?"

Heshima ikaniisha. Nikagonga bakora sakafuni: "Jamani! Inatoka kwangu, inarudi kwangu! Hapo katikati naomba mnitunzie tu!"

"Kumbe kama kuweka na kutoa kwa wakala," kijana mmoja akasema. "Makato yapo?"

Wakanichoma kidole. Mchangiaji wa kawaida anatakiwa awe na wingi wa damu 12.5, anayejiwekea hata 11 wanamkubali, nami nilipita kwa kuchungulia. Wakavuta mililita 450, wakanipa soda, biskuti, na vidonge vya madini ya chuma ambavyo matokeo yake chooni sitayaeleza hapa, kuna watu wanakula.

Nyumbani mama watoto kanishika: mlenda mchana, mlenda usiku, juisi ya rozela katikati. Sina pa kukimbilia, bajaji za Nkuhungu zenyewe zikiruka mashimo nyonga inasalimiana na mbavu.

Shemeji kasikia tarehe imesogea, akapiga: "Si wampe mtu mwingine, isiharibike?" Nikamweleza damu ya kujiwekea kwa kawaida hapewi mwingine. Akasikitika kidogo, akakohoa. Kumbe binti yake anaolewa, kadi ya mchango inakuja kwa simu, single elfu hamsini, double laki. Mimi nikiwa na bakora niende double na nani? Halafu mnaitwa kikao saa nane juani, vumbi la Dodoma linawaingia mpaka masikioni, mnagawiwa maji ya nusu lita mgawane wawili wawili, na mweka hazina kanunua pikipiki!