Kusawazisha sabufa katika sebule ya mawe

Miongoni mwa wapenzi wa sinema ya nyumbani hapa Nairobi, kila inapotajwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu mojamoja za sauti) ya sabufa, spika ya besi, hutolewa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba ikwalaiza huharibu muziki, na spika nzuri haina haja ya kuguswa. Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kwamba ubovu wa besi hutoka kwenye chumba, na chumba hakitibiwi kwa kuchezea vitufe: hamisha sabufa, tandika zulia, bandika sponji ukutani. Zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini naona zimemnyima mkaaji wa nyumba ya kupanga kifaa ambacho, kikitumiwa kwa nidhamu, kingemfaa kuliko vingi anavyoshauriwa kununua.

Nichukue sebule ninayoifahamu vyema, yangu mwenyewe: urefu mita 4.3, upana mita 3.6, dari mita 2.7, kuta za mawe, zege juu na chini, vigae sakafuni. Sauti husafiri takriban mita 344 kwa sekunde, na chumba huitikia kwa nguvu pale nusu ya wimbi inapoenea sawasawa kati ya kuta mbili. Kwa urefu huo hesabu inaangukia hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde. Kwa upana, karibu 48. Kwa kimo, karibu 64. Noti ya chini kabisa ya gitaa la kawaida la besi ni hezi 41. Ndiyo maana rumba ikipigwa humo, kila mpiga besi anapougusa waya wake mnene ukiwa wazi, noti hiyo moja hunguruma hadi vioo vya kabati vikatetemeka, ilhali noti zinazoifuata hupita kama zimenong'onwa. Ukiinuka kwenye kochi lililoegemea ukuta wa nyuma ukapiga hatua mbili tatu hadi katikati ya chumba, ngurumo inapotea. Umetoka mahali ambapo shinikizo la wimbi hilo ni kubwa, ukaingia mahali linapokaribia sufuri.

Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa Marekani, ambako nyumba nyingi zina fremu za mbao na kuta za jipsamu. Kuta hizo huyumba kidogo besi inapozipiga, hivyo hula sehemu yake na kuiacha nyingine ivuje nje. Ukuta wa mawe hauyumbi hivyo. Unairudisha besi karibu yote ndani, na kilele cha hezi 40, yaani pale sauti inaporuka juu ya nyingine, kinakuwa kirefu na chembamba zaidi. Na hiyo sponji? Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.6, na ili sponji ilinyonye barabara inapaswa kuwa na unene unaokaribia robo ya urefu huo, yaani zaidi ya mita 2, ambayo ni karibu nusu ya sebule yangu. Ile ya sentimita 5 inayobandikwa ukutani hupunguza ukali wa sauti za kati na za juu tu, na zulia halifanyi zaidi ya hapo. Vipo vinyonyaji vya utando, visanduku ambavyo utando wake hutetemeka na kuimeza besi, vinavyotengenezwa kwa masafa mahususi (hezi kadhaa zilizochaguliwa), na vinafanya kazi, lakini ni vikubwa na ni vigumu kuviweka katika nyumba utakayoihama.

Hapa ndipo kichujio kimoja cha ikwalaiza, yaani mpangilio unaoshusha ukanda mdogo wa masafa, kinapostahili kutazamwa upya. Nilipoweka maikrofoni ya kupimia kwenye kochi, kimo cha masikio, na kupima kwa programu ya Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bure, kilele kilisimama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 11 juu ya majirani zake. Wengi hudhani kukikata ni kupunguza sauti tu, huku mvumo ukiendelea kama kawaida. Sivyo. Kilele na mvumo ni kitu kimoja kinachoonekana kwa sura mbili: mlio wa chumba wenye upana wa hezi 4 huchukua nusu sekunde na ushei kushuka desibeli 60, na katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, nusu sekunde ni pigo zima. Noti ya kwanza bado inavuma wakati ya pili imekwisha kupigwa, nayo inaifunika. Kichujio kilichopangwa kwenye masafa yale yale na kwa upana ule ule hufupisha na mvumo wenyewe, hapo ulipokaa. Huko chini ya hezi 100 sikio linapata kitu ambacho sponji ya duka lolote la Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya sauti hapa Nairobi, haiwezi kulipatia.

Tena kukata hakuigharimu amplifaya chochote. Ukishusha desibeli 10 kwenye hezi 40, mtambo unahitaji sehemu moja ya kumi tu ya nguvu katika masafa hayo, koni ya spika inapunguza mwendo wake, na jirani wa chini anapungukiwa na desibeli zile zile 10 zilizokuwa zikipenya kwenye zege.

Wanaoipinga ikwalaiza wana haki katika jambo la kinyume, yaani kuinua. Shimo, yaani mahali besi inapopotea kwa sababu ya mawimbi kufutana, halijaziki: kuongeza desibeli 10 kunadai nguvu mara kumi, wati 200 ziwe 2,000, na wimbi linalorudi kulifuta linakua pamoja nalo. Nadhani sifa mbaya ya ikwalaiza ilitokana na mazoea hayo, ya kusukuma vitufe vyote vya besi juu hadi spika ikakwaruza. Shimo dawa yake ni kuhamisha sabufa au kochi, na kazi hiyo sharti itangulie kichujio chochote.

Wana hoja nyingine, ya viti, nayo ni nzito zaidi. Ikwalaiza hubadilisha sauti inayotoka kwenye sabufa, hivyo kila kiti kinapata badiliko lile lile, hata kisicholihitaji. Todd Welti na Floyd Toole, watafiti waliofanya kazi Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walionyesha kwamba sabufa kadhaa zilizopangwa vizuri, kwa mfano mbili katikati ya kuta zinazotazamana, hupunguza tofauti kati ya viti, jambo ambalo ikwalaiza peke yake juu ya sabufa moja haiwezi. Mwenye nafasi na fedha aanzie huko. Mwenye sabufa moja apime viti vitatu badala ya kimoja, na akate tu vilele vinavyojitokeza kwenye vyote. Kwangu, kati ya vilele vitatu, cha hezi 40 ndicho pekee kilichotokea kila mahali kwenye kochi. Kile cha hezi 48 kilitoweka kwenye kiti cha kati, nikakiacha.