Bendi ya kinanda na kompyuta: ibaki Mbeya au ipande basi la Dar?

Kijana wa Mbeya akishaanza kusikika mtaani kwa muziki wake, ushauri wa kwanza anaopewa ni kupanda basi. Anaambiwa na rafiki, na mjomba, na hata na prodyuza aliyemrekodi: hapa hutoboi, nenda Dar. Ushauri huo una sababu zake. Bongo Fleva iliposhika kasi miaka ya 1990, studio zilizotengeneza majina makubwa, kama MJ Records na Bongo Records, zilikuwa Dar es Salaam, na redio zilizosikika mikoa mingi zilikuwa huko huko. Siku hizi lakini nasikia jibu kutoka kwa vijana wanaotengeneza pop ya kielektroniki, ile ya kinanda, kompyuta na sauti laini juu yake. Wanasema: mbona CHVRCHES, lile kundi la watu watatu la Uskoti, walibaki kwao Glasgow na dunia ikawafuata?

Nafurahi swali hilo linaulizwa, maana ushauri wa kupanda basi umekaa muda mrefu bila kupingwa. Ila mfano wenyewe unatajwa nusu nusu, na ukitajwa nusu unaweza kumpoteza mtu miaka yake mizuri.

Watatu wa CHVRCHES, yaani mwimbaji Lauren Mayberry, Iain Cook na Martin Doherty, walianza kufanya kazi pamoja mwaka 2011. Glasgow ni jiji la Uskoti lenye watu zaidi ya 600,000. Jiji la Mbeya kwa sensa ya 2022 lina zaidi ya 540,000, kwa hiyo hatuzungumzii miji iliyopishana sana kwa idadi ya watu. Walirekodi kwenye studio ya Cook, chumba cha chini ya jengo. Mei 2012 wimbo wao wa kwanza ukawekwa mtandaoni, ukasambaa, na mwaka uliofuata wakawa wanapanda jukwaani kuwafungulia Depeche Mode, bendi kongwe ya Uingereza. Albamu ya kwanza, The Bones of What You Believe, ilitoka Septemba 2013 ikafika nafasi ya 9 kwenye chati ya albamu ya Uingereza. Wakati huo wangeweza kwenda kokote, lakini walirudi chumba kile kile kutengeneza ya pili, Every Open Eye, ambayo mwaka 2015 ilifika nafasi ya 4.

Albamu ya tatu ndiyo waliyofunga nayo safari. Love Is Dead ya mwaka 2018 ilitengenezwa Marekani, na sehemu kubwa yake mikononi mwa Greg Kurstin, prodyuza aliyefanya kazi na Adele. Ilifika nafasi ya 7, na wapo wahakiki waliolalamika kwamba makali yamepungua. Kisha ikaja Screen Violence mwaka 2021. Janga la corona lilikuwa limewatenganisha, Mayberry na Doherty wakiwa Los Angeles na Cook akiwa Glasgow. Wakaitengeneza wenyewe kwa kutumiana mafaili na kuonana kwenye kioo cha kompyuta. Ikarudi nafasi ya 4, na ilisifiwa kuliko ile ya tatu.

Anayetaka kubaki Mbeya akisoma historia hiyo anaona ushahidi mtupu upande wake. Wakiwa nyumbani walipata sauti yao, wakiwa mjini mkubwa ikayumba, wakijitegemea tena ikarudi. Hata mimi naona kuna ukweli hapo. Lakini kuna jambo ambalo upande huo haulitaji: mwaka 2019 walishirikiana na Marshmello, DJ wa Marekani, kwenye wimbo uliofika nafasi ya 9 kwenye chati ya nyimbo za Uingereza, juu kuliko wimbo wao mwingine wowote hadi leo. Mlango ule ulifunguliwa na kule kuwa karibu na watu wakubwa wa kazi hiyo. Ukaja pia na gharama yake. Wiki chache baadaye Marshmello alipotangaza kolabo na Chris Brown na Tyga, CHVRCHES walipinga hadharani, wakisema haifai kufanya kazi na wanyanyasaji, na wakaishia kutumiwa vitisho vya kuuawa mtandaoni. Mayberry alikuwa ameshaandika kwenye gazeti la Guardian mwaka 2013 kuhusu matusi anayotupiwa kwa kuwa mwanamke tu anayeimba. Msichana wa Uyole anayeweka video yake leo anayajua matusi hayo hata kama hajawahi kuvuka Makambako. Kukaa mbali na mji mkubwa hakumkingi mtu na hilo.

Kuna jambo jingine ambalo huachwa kabisa. Watu hawa hawakuwa wanafunzi wa jana. Cook alikuwa amepiga miaka mingi kwenye bendi ya Aereogramme, Doherty alikuwa amezunguka kwenye ziara za bendi ya The Twilight Sad, na Mayberry alikuwa na bendi yake iliyokuja kurekodi kwa Cook, ndipo wakafahamiana. Walianza na uzoefu ambao wengine huenda mji mkubwa kuutafuta. Halafu Glasgow ina ngazi. Kuna King Tut's, ukumbi wa watu kama 300. Ukikua unaenda Barrowland, ukumbi wa watu kama 1,900. Ukiitwa London, ni kilomita kama 650, na treni inakufikisha kwa saa nne na nusu hivi. Unaweza kwenda, kupiga, na kesho yake kulala kwako.

Toka Mbeya uone. Barabara ya kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 800. Unaondoka gizani, unateremka Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, unapita Mikumi kwa mwendo wa pole kwa ajili ya wanyama, na ukifika kituo cha Magufuli pale Mbezi siku imeisha na mwili umeisha. Beba na kinanda. Ndege kutoka Songwe zipo, lakini kwa kundi la watu watatu wasio na mkataba hilo si la kupanga bajeti. Kwa hiyo kauli kwamba tutakaa Mbeya na kwenda Dar tukiitwa ina uzito tofauti hapa na kule kwa Waskoti. Kila mwito ni siku tatu: ya kwenda, ya kazi na ya kurudi.

Pamoja na hayo, nashikilia kwamba kwa aina hii ya muziki Mbeya ina vitu ambavyo hatujavithamini. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kuimba kwa sauti nne kumekuwa shule ya vizazi na vizazi kuanzia Kyela mpaka Njombe. Na kwenye kwaya hizo ndipo kinanda cha umeme kilipoingia. Mpiga kinanda wa kanisani anayajua matumbo ya chombo kile: anapanga mdundo, anaweka besi, anachanganya sauti ya nyuzi na ya filimbi, na mchungaji akianzisha wimbo juu kuliko ilivyopangwa, anabonyeza kitufe cha kupandisha ufunguo bila kwaya kusimama. Huyo ni mtu wa muziki wa kielektroniki tayari. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ujuzi ule unaweza kutengeneza wimbo usiofanana na wa mwingine yeyote nchini.

Na kurekodi? Nimekaa kwenye studio za vyumba vya kupanga, Soweto na Ilomba, zenye trei za mayai ukutani na godoro kusimamishwa nyuma ya maiki. Adui wao mkubwa kuanzia Novemba mpaka Aprili ni bati. Mvua ya Mbeya ikianza, hakuna kuimba. Maiki inanasa kila tone, na prodyuza anavua hedifoni anasubiri. Kwa bendi ya ngoma na magitaa hiyo ni siku imekufa. Kwa kundi la kinanda na kompyuta, kazi inaendelea, kwa sababu kila kitu kinaingia kwa waya isipokuwa sauti ya mwimbaji. Wanapanga biti, wanatafuta mlio, wanakata na kuunga, na mvua ikikatika usiku wa manane mwimbaji anaitwa. Studio ya Dar inauza saa. Ukilipia mbili, hutatumia moja kutafuta mlio wa kinanda. Sauti ya CHVRCHES ilipatikana kwa sababu chumba kilikuwa chao na saa hazikuwa zinahesabiwa. Hili ndilo naliona kubwa kuliko mengine yote katika historia yao, na ndilo linaloweza kufanyika Mbeya kwa kodi ya chumba kimoja.

Upande wa Dar nao usidharauliwe. Rayvanny ni mtoto wa Mbeya. Alikwenda, akaingia lebo ya WCB Wasafi, na mwaka 2017 akapata tuzo ya BET ya Marekani. Angebaki Nzovwe asingefika huko, na sioni namna ya kubisha. Mwaka 2021 alianzisha lebo yake, Next Level Music, na 2022 akaondoka WCB. Wengine wanaitumia hatua hiyo kusema lebo kubwa hazifai. Mimi naisoma tofauti: nyumba kubwa ilimpa jina, na jina lilipokomaa akataka nyumba yake. Njia hiyo ni halali.

Ila Rayvanny ni mwimbaji mmoja, na hapo ndipo ushauri wa kupanda basi unapogonga mwamba ukielekezwa kwa bendi. Mwimbaji mmoja anaweza kulala kwa ndugu Mbagala akitafuta njia. Watu watatu ni kodi tatu, nauli tatu, na familia tatu zinazopiga simu kuuliza utarudi lini. Zaidi ya hapo, soko la Dar linajua kununua sura na sauti. Lebo ikipenda wimbo wenu inamwita anayeimba, kisha inampa prodyuza wake. Wawili waliobuni mlio wanabaki na kompyuta yao. Nimeona makundi yakifa hivyo, na kinachouma ni kwamba kila mtu alifanya alichoona ni busara. CHVRCHES waliliona hilo mapema, wakasisitiza kuhojiwa na kupigwa picha kama kundi, si kama Mayberry na wapambe wake. Albamu yake mwenyewe ameitoa Desemba 2024, miaka 13 baada ya kundi kuanza.

Wapo Watanzania waliopita pembeni ya njia zote mbili. X Plastaz walikuwa Arusha, wakarap na kuimba kwa Kiswahili, Kimaasai na Kihaya, na albamu yao ya mwaka 2004 ikasambazwa Ulaya. Wana singeli wa Sisso Studios walikaa Mburahati, pembeni kabisa ya lebo kubwa za mjini, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda ikatoa mkusanyiko wao uliosikilizwa mbali sana. Mifano hii inanipa moyo kuliko ile ya Glasgow, kwa sababu ni ya watu wenye bando na nauli kama zetu. Hata hivyo, Arusha ina wageni wanaopita kila siku, na Mburahati ni Dar. Mbeya haina hayo.

Tunachokosa zaidi, kuliko studio na kuliko lebo, ni ukumbi wa katikati. Kwetu unapiga kwenye kona ya baa ambako mwenye baa anataka nyimbo za watu wengine, au unasubiri tamasha la uwanja wa Sokoine linaloletwa na wa Dar, na wewe unapangiwa dakika kumi saa tisa alasiri jua likiwaka. Ukumbi wa watu 300, wenye spika za kusikika vizuri, uliojaa watu waliolipa kiingilio kidogo kukusikiliza wewe, sijauona. Kumbi za harusi zipo, lakini Jumamosi hazikodishwi kwa bendi isiyojulikana. Bila ngazi hiyo, bendi inatoka chumbani moja kwa moja kwenda mtandaoni na haijifunzi kamwe kukaa na watu usoni.

Kama ningepewa kupanga, ningeitafuta ngazi hiyo vyuoni. MUST na TEKU ziko Mbeya, Mzumbe ina ndaki yake jijini, na Iringa kuna Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU, vyote vimejaa vijana wa umri wa muziki huu. Tunduma, Mafinga na Makambako ziko kwenye barabara hiyo hiyo kuu, na Ebony FM ya Iringa inasikilizwa njia nzima. Kundi linaweza kuzunguka hapo kwa msimu mmoja, kila mtu akirudi kwao Jumatatu, kwa gharama ndogo kuliko kodi ya miezi michache Sinza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kundi ni wabaki wakati wa kutengeneza, na Dar waende kama wageni wenye kazi mkononi. Kabla wimbo wa kwanza haujapandishwa popote, wausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yote matatu na mgawanyo wa mapato ulioandikwa, ili lebo ikimtaka mwimbaji peke yake ikute wimbo una wenyewe watatu. Lakini ushauri huo una ukomo. Wakizunguka misimu miwili, Kyela mpaka Iringa, na viingilio havirudishi hata nauli, sitamwambia yeyote kati yao aendelee kubaki kwa sababu Waskoti walibaki. Ana mama anayemtegemea na umri unaokwenda. Hapo apande basi, na hati ya mgawanyo aibebe.