Kabla ya Kumlaumu Mbwa, Tazama Anacholipwa

Mbwa wetu, Popi, alifika nyumbani akiwa na umri wa miaka miwili hivi, hajafunzwa lolote, na katika juma la kwanza alimrukia kila aliyeingia mlangoni, akatafuna viatu viwili vya jozi tofauti (jambo lililoniudhi kuliko kama angemaliza jozi moja), akawabwekea wapita njia kutwa nzima na kunivuta barabarani kana kwamba ni mimi niliyefungwa kamba. Nilifanya yale ambayo nilikuwa nimeona wengi wakiyafanya: nilimfokea, nilimsukuma, nilimkokota hadi kwenye kiatu kilichotafunwa na kumwelekezea kidole. Miezi miwili baadaye tabia zote zilikuwa palepale, na nyingine ilikuwa imeongezeka, kwani sasa alikuwa akijificha chini ya meza kila niliporudi kutoka kazini.

Tangu wakati huo nimeshikilia kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita utundu wa mbwa asiyefunzwa ni kazi ya mikono yetu wenyewe. Mbwa hurudia jambo kwa sababu jana lilimlipa. Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alilionyesha hilo mwaka 1898 kwa paka aliowafungia ndani ya masanduku yenye komeo: tendo lililomfungulia paka mlango na kumfikisha kwenye chakula lilikuja upesi zaidi kadiri jaribio lilivyorudiwa, ilhali matendo yasiyozaa kitu yalififia. Basi mwenye mbwa anapouliza atamkomesha vipi, kuna swali lililotangulia ambalo ameliruka, nalo ni kwamba mnyama huyu anapata nini. Akilijibu kwa uaminifu, mara nyingi atagundua kuwa mlipaji ni yeye mwenyewe.

Tuanze na kurukia watu, kwa kuwa ndilo kosa linalowaaibisha wenye mbwa mbele ya wageni. Mbwa husalimiana kwa kukaribiana nyuso, na uso wa mtu uko juu, hivyo anaurukia. Tunapomsukuma kwa mikono tunamgusa. Tunapomkemea tunamtazama na kumsemesha. Kuguswa, kutazamwa na kusemeshwa ndivyo hasa vitu alivyokuwa akivitafuta, na kwa mbwa aliyeshinda peke yake hata karipio ni ushirika. Kilichonisaidia mimi ni kumgeuzia mgongo nikiwa kimya, mikono nimeikunja kifuani, kisha kuinama na kumsalimu mara tu miguu yake yote minne inapotua chini. Sambamba na hilo nilimfundisha kuketi kwa kumpa kipande kidogo cha nyama kila makalio yake yalipogusa sakafu, maana mbwa hawezi kuketi na kuruka kwa wakati mmoja, na ni rahisi kumfundisha la kufanya kuliko kumfundisha kutofanya kitu.

Njia hiyo ina mitego miwili ambayo watu hawaambiwi, nayo ndiyo huwafanya waseme kuwa haifai. Wa kwanza ni kwamba mbwa aliyezoea kulipwa, akinyimwa ghafla, huzidisha juhudi kabla ya kuacha. Popi aliruka juu zaidi, akabweka, akanivuta shati kwa meno, na siku ya nne nilikuwa karibu kukata tamaa. Anayesalimu amri wakati huo anamfundisha mnyama somo baya kuliko la mwanzo, kwamba ukiruka kidogo hupati, lakini ukiruka kwa ukali unapata.

Mtego wa pili ni yule ndugu mwenye moyo mwema anayesema, "Mwacheni, mimi napenda mbwa," akamkumbatia huku mbwa amesimama kwa miguu ya nyuma. B. F. Skinner, aliyeendeleza mawazo ya Thorndike katika karne ya 20, alionyesha kwamba tendo linalolipwa mara mojamoja, bila mpangilio unaotabirika, ni gumu kufutika kuliko lile linalolipwa kila mara. Ndiyo hali ya mcheza kamari: angekuwa ameshaondoka kama hangeshinda kamwe, ila alishinda juzi. Nyumba ambayo watu watatu wanamzuia mbwa na wa nne anamruhusu haina mbwa mkaidi. Ina mcheza kamari mwenye manyoya. Kuwafunza watu wa nyumbani, nakiri, kulinichukua muda mrefu kuliko kumfunza Popi.

Nirudi kwenye kile kiatu. Nilipokuwa nikimwonyesha kidole, Popi aliinamisha kichwa, akalaza masikio na kugeuza macho pembeni, nami niliamini kabisa kwamba anajua kosa lake. Mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha mwaka 2009 jaribio ambalo wenye mbwa waliambiwa, wakati mwingine kwa uongo, kuwa mbwa wao amekula chakula alichokatazwa. Uso wa hatia ulijitokeza zaidi pale mbwa alipokemewa, awe amekula au hakula. Ule uso, kwa hiyo, ni jibu la hasira iliyo mbele yake kuliko ungamo la jambo lililopita. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yanayofuata ndani ya sekunde chache. Adhabu ya saa moja baadaye inaunganishwa na kitu kilichopo wakati huo, yaani mimi ninayeingia mlangoni. Popi alijificha chini ya meza kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kwamba kurudi kwangu ni balaa.

Wanaotetea ubabe husema kwamba mbwa ni mzao wa mbwa mwitu (yule aitwaye wolf kwa Kiingereza), kwamba kundi la mbwa mwitu lina mtawala anayewakandamiza wengine, na kwamba usipokuwa mtawala wewe atakuwa yeye. Hoja hiyo imetokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Rudolf Schenkel, aliyechapisha mwaka 1947 uchunguzi wa mbwa mwitu waliofugwa pamoja ndani ya uzio katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. David Mech, Mmarekani aliyesaidia kuieneza dhana hiyo katika miaka ya 1970, aliikosoa mwenyewe mwaka 1999 baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu porini kwa miaka mingi: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, wala uongozi wake haupatikani kwa vita. Ninamheshimu mtaalamu anayerudi kusema kwamba alichokiandika kinahitaji kusahihishwa. Inasikitisha kwamba masahihisho hayajasafiri mbali kama kosa lenyewe.

Ubabe huo huleta hatari kubwa kuliko zote pale mbwa anaponguruma. Mtu anapitisha mkono karibu na bakuli la chakula, mbwa ananguruma, naye anampiga ili "ajue nani mkubwa". Mbwa akijifunza kunyamaza, mwenye nyumba hujipongeza. Lakini hofu ya kunyang'anywa haijaondoka. Kilichoondoka ni onyo, na mbwa asiyetoa onyo ndiye anayeng'ata "bila sababu". Mimi huona ngurumo kuwa adabu ya mbwa: anasema hapendi, na ananipa nafasi ya kuondoka. Cha kufanya ni kusimama umbali ambao haumsumbui, kurusha karibu na bakuli kitu kitamu kuliko kilichomo, kisha kuondoka, na kusogea kidogo kidogo siku hadi siku hadi ujio wa mtu uwe habari njema. Penye watoto, au pale ambapo mbwa ameshang'ata, mambo haya hayafai kujaribiwa bila mtaalamu wa tabia za wanyama. Na kama mbwa mpole amebadilika ghafla, aanze kupelekwa kwa daktari wa mifugo, kwa sababu maumivu ya jino, sikio au nyonga hujificha nyuma ya ukali.

Kubweka kunahitaji kupambanuliwa. Anayembwekea mpita njia hulipwa kila siku, kwa kuwa mpita njia huenda zake na mbwa huamini kuwa amemfukuza yeye. Dawa ni kumziba asione barabara na kumlipa anapoitika akiitwa. Anayelia akiachwa peke yake ni mwingine kabisa. Huyo ameshikwa na hofu, na kama mbwa wa mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov waliotokwa na mate kwa kusikia tu ishara ya chakula, yeye huanza kutetemeka kwa kusikia tu mlio wa funguo. Ishike funguo mara nyingi bila kutoka, kisha toka kwa sekunde chache, kisha dakika, kabla hajafikia kilio.

Mengine ni mepesi. Anayevuta kamba avute mti: simama, na usisogee hadi kamba ilegee. Anayekojoa ndani atolewe nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, alipwe hukohuko nje. Mtoto wa mbwa wa miezi minne hadi sita anatafuna kwa sababu meno yake 28 ya utoto yanang'oka kupisha 42 ya ukubwani, hivyo apewe kitu chake cha kutafuna na viatu viwekwe juu.

Wengi wataniambia samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwamba kati ya juma la 3 na la 12 hivi mtoto wa mbwa huzoea watu, sauti na wanyama wengine kwa wepesi asioupata tena maishani. Lakini Popi alikuja kwangu akiwa samaki mkavu, na aliacha kuwarukia wageni baada ya majuma sita. Kutoka chini ya meza kulichukua miezi mitano, mara mbili na nusu ya muda niliotumia kumwingiza. Kuchimba bado anachimba. Nimemtengea pembe moja ya bustani na kumfukia mifupa huko, na siku nyingi anaitumia hiyo.