Kwetu Hakuna Mahindi ya Kuku

Juzi nilikuwa mashineni hapa Uyole, nasubiri pumba za kuku wangu. Mbele yangu mama mmoja ameinamia turubai, anachambua mahindi. Punje nzima anazirudisha kwenye ndoo: hizo za kukoboa, sembe ya nyumbani. Zilizooza na zilizotobolewa na dumuzi anazitupia kwenye kiroba: za kuku. Nikamuuliza, mama, na Februari, ghala likiisha? Akajibu bila kuinua kichwa: "Februari, kaka, hicho kiroba cha kuku tunakisaga tunakula wenyewe."

Jibu lile limenikaa kichwani, maana ndilo linalokosekana kila tukibishana kuhusu mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba. Mmoja anasema ni sumu. Mwingine anasema Wamarekani wanayalima tangu 1996 na hawajafa. Wote wawili hawaulizi yanaliwa na nani, na kiasi gani.

Kwanza niondoe mkanganyiko ninaoukuta hata kwenye maduka ya pembejeo. Mbegu ya mahindi UH6303 ya hapa Uyole ni chotara, si GMO. Chotara hupatikana kwa kuchavusha aina moja ya mahindi kwa nyingine. GMO ni mmea uliopandikizwa kinasaba maabara. Kwa mfano kinasaba cha bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, kinachoufanya mhindi utengeneze protini ya kuua viwavi. Tanzania tulifika kwenye majaribio tu, Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, ya mahindi ya kuhimili ukame. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyasitisha.

Upimaji wa usalama wenyewe una utaratibu, na naamini ni mzuri. Miongozo ya Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ya mwaka 2003 inataka aina mpya ilinganishwe na mahindi ya kawaida: wanga, mafuta, protini, vitamini. Protini mpya hulinganishwa na zile zinazojulikana kuleta mzio, na huwekwa kwenye asidi kama ya tumboni kuona kama inavunjika upesi. Ulaya hudai pia panya walishwe siku 90. Siwezi kuyaita hayo yote mazingaombwe ya mabeberu.

Lakini kuna hatua moja inayonikosesha usingizi: kukadiria mtu anakula kiasi gani. Marekani sehemu kubwa ya mahindi huenda kwa mifugo na viwandani. Nyumbani kwangu tuko 6, na debe la kilo 20 hivi huisha kwa siku 10. Gawanya mwenyewe: theluthi ya kilo kwa kila mtu, kila siku, mtoto wa uji akiwemo. Kipimo kilichokadiriwa kwa sahani ya mtu anayekula mahindi mara mojamoja hakinitoshi mimi.

Halafu kuna ukuta kati ya chakula cha watu na cha mifugo. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu mahindi yaliyoitwa StarLink kwa mifugo na viwanda tu, kwa sababu protini yake haikuvunjika upesi na ilihofiwa kuleta mzio. Yalilimwa kwenye eneo lisilofika asilimia 1 ya mahindi yao. Septemba 2000 yakakutwa kwenye chakula cha watu madukani, na bidhaa zaidi ya 300 zikarudishwa. Walipowachunguza watu 28 waliolalamika kuugua, hawakupata ushahidi kwamba protini ile ndiyo iliyowaletea mzio. Sawa, nashukuru. Ila fikiria: nchi yenye maghala makubwa, maabara na karatasi za kila shehena, ukuta wao ulivuja ndani ya miaka 3. Wetu ni kiroba kwenye turubai.

Ndiyo maana nasema ruhusa ya "kwa mifugo tu" isikanyage nchi hii. Aina isiyoweza kuthibitishwa salama kwa mtoto wa miezi 6 anayeanza uji wa dona, isiletwe hata kama chakula cha kuku.

Na nikisema hivyo nisieleweke kwamba mahindi tunayoyala leo ni salama kwa kuwa ni ya kwetu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye punje, iliua watu 20 Dodoma na Manyara, kwa mahindi ya kawaida kabisa yaliyolimwa nyumbani. Ng'ombe akila pumba zenye sumukuvu, sehemu ya sumu hiyo hutokea kwenye maziwa. Na mahindi ya GMO yanayojikinga na viwavi yameonekana kupunguza baadhi ya sumu za ukungu, kwa sababu punje haijatobolewa. Hiyo nayo iingie kwenye mizani, isifichwe na anayeogopa GMO.

Siku majaribio yakirudi, jalada la upimaji wa aina yoyote liwe na hesabu ya sahani ya watu wa Mbozi na Ileje, ipimwe kijijini na wataalamu wetu, isomwe kwa Kiswahili pale mashineni. Yule mama anajua anakula kiasi gani. Waanze kwa kumuuliza yeye.